Nyumba Iliyozungukwa na Kota

Bei ya nyumba ile ilikuwa ndogo kiasi cha kutia shaka. Ilikuwa pembeni ya jiji la Mbeya, ina ukuta wa tofali za kuchoma, ua mpana na maji ya bomba. Shemeji yangu, ambaye hajawahi kununua hata kiwanja, alinieleza sababu kwa simu: imezungukwa na kota. Nikinunua leo, alisema, siku nikitaka kuuza nitabaki kuitazama.

Kota ni zile nyumba za safu walizojengewa wafanyakazi zamani, ambazo shirika la umma bado linazipangisha kwa kodi ndogo. Humo wanakaa wastaafu, wajane, vibarua. Mimi nimewahi kuandika makala kuzitetea. Lakini kutetea ni kazi ya kalamu. Kuweka akiba ya maisha yote jirani nazo ni habari nyingine.

Mke wangu hakuwa na nafasi ya mashaka hayo. Ni muuguzi, alikuwa amehamishiwa Mbeya kutoka Iringa, na amekuwa mpangaji tangu aolewe. Amepanda miparachichi kwenye nyua za watu watatu na hajala hata tunda moja. Mwenye nyumba wa mwisho alitupa notisi mti ulipoanza kutoa maua. Alichotaka sasa ni mahali ambapo hakuna binadamu wa kumwambia hama. Muuzaji, mzee aliyekuwa akihamia kwa binti yake, alitupa mpaka Jumapili. Kulikuwa na mnunuzi mwingine kutoka Tunduma.

Kwa kuwa nimesoma, niliamua kufanya utafiti. Nilichapisha picha ya mtaa ule iliyopigwa kutoka angani, nikachukua kalamu nyekundu, na Jumamosi tulipanda basi la alfajiri kutoka Iringa. Nilimwacha mke wangu kwa mzee, akitazama madirisha kwa jicho la mtu anayechagua mapazia, nikaingia vichochoroni. Kila nyumba ya kota niliyoipita niliipaka nyekundu. Kufikia jioni karatasi ilikuwa kama mtoto mwenye surua, na nyumba tuliyoitaka ilikuwa kidoa cheupe katikati ya vipele.

Kwenye mlango mmoja, mama aliyekuwa anamenya ndizi alinyoosha shingo akaitazama karatasi yangu. Akaacha kumenya. Akamwita jirani, jirani akamwita mwingine.

"Kaka," akaniuliza taratibu, "hiyo nyekundu ndiyo X?"

Yeyote anayeishi kwenye nyumba isiyo yake anaijua X nyekundu ukutani: ndiyo inayotangulia tingatinga. Nilijikuta nimezungukwa. Hakuna aliyepaza sauti, na hilo ndilo lililonitisha. Mzee mmoja aliyevaa koti alivua kofia, akaniuliza kwa adabu kubwa, "Mmetupa muda gani, mheshimiwa?"

Nikaapa kwamba sikutumwa na serikali wala na shirika. Ni mnunuzi tu wa ile nyumba ya pale, nafanya utafiti.

"Unatafiti nini?" akauliza mama wa ndizi.

Nikaikunja karatasi. "Ninyi."

Mama akaanza kucheka. "Jamani, kumbe anatuogopa. Sisi tunamwogopa yeye, yeye anatuogopa sisi." Wakanicheka kwa Kiswahili, wakamalizia kwa Kinyakyusa. Kinyakyusa sikijui, lakini kuchekwa hakuhitaji mkalimani. Yule mzee wa koti aliniuliza kama kanisa nalo nimelipaka.

Umeme ulikuwa umekatika na baridi ilianza kushuka kutoka mlimani, kwa hiyo kila mtu alirudi kwenye jiko lake. Mama akaniambia nisogee pembeni, nilikuwa namzibia sauti. Sikumwelewa.

Kwenye safu ya chini mwanaume alikohoa, akashusha noti moja nzito ya wimbo, akaishikilia. Sauti nyingine za nne, zile nzito za chini kabisa, zikaitikia mlango kwa mlango. Kisha sauti ya tatu kutoka safu ya pili. Kisha wanawake, mikono yao ikiwa bado kwenye vyungu, wakaingia juu yao wote. Ilikuwa kwaya. Wanafanya mazoezi hivyo, niliambiwa baadaye, kwa sababu hakuna anayeweza kuacha jiko na watoto akaenda kanisani Jumamosi jioni. Kila mtu huimba mlangoni pake. Wimbo ulipita juu ya mabati, ukarudi kutoka ukuta wa pili, hadi nikausikia kwenye nyayo. Nimeingia makanisa makubwa, sijawahi kusimama ndani ya sauti namna ile. Msongamano, neno la kitaalamu nililokuwa nimeliandika pembeni ya ile karatasi, ndio uliokuwa unaimba. Nyumba zile zingeachana kwa upana wa ule ua tulioutamani, sauti zisingekutana.

Nilirudi nikamkuta mke wangu amesimama getini. Mzee, akiwa kwenye kigoda, alisema kila Jumamosi ni hivyo, pengine alipaswa kutuambia mapema kama kasoro. Mke wangu hakumsikia. Amekulia kwenye kwaya ya Kilutheri kule Iringa. Maneno hakuyajua, lakini sauti ya pili alikuwa anaivumisha puani. Kiitikio kilipofika, akafungua kinywa.

Wimbo ukakatika.

Ikatoka sauti ya mama wa ndizi, ng'ambo ya ukuta: "Dada wa hapo kwa mzee, sauti ya pili unashuka mapema. Tusubiri."

Mke wangu hapokei masahihisho ya mtu yeyote, yangu ndiyo kabisa. "Haya, dada," akajibu. "Nimesikia."

Wakaanza upya. Safari hii akangoja, akashuka pamoja nao, na hakuna aliyewasimamisha. Kisha, bila kugeuka, akaniambia, "Mwambie mzee tunaichukua."

Nikamgeukia mzee. Akainua kiganja: tungoje kwanza ubeti wa mwisho.