Meneja wa Kiwanda cha Asali

Meneja wa kiwanda cha asali pale Itetemia ni mtu wa sauti ya chini, na kila asubuhi humsalimia mfanyakazi mmoja mmoja. Tangu akili mnemba ianze kupanga zamu, hutembea mikono nyuma kama mgeni, akijua watu wanajiuliza amebakiwa na kazi gani. Jana Apolinaria, mjaza chupa, alimfuata akilia: mwanawe kalazwa, na kompyuta imemnyima ruhusa kwa kuwa hakuna wa kumshikia zamu.

"Nenda kwa mtoto, mama. Nitashika mimi."

Akavaa aproni, akajaza chupa kutwa nzima, nyingine zikifurika, wenzake wakimcheka naye akicheka. Jioni bosi wake, aliyearifiwa na kompyuta, akapiga simu kutoka Dar es Salaam: nani kamruhusu yule mama?

"Mimi," akajibu, simu ikimnata shavuni kwa asali.