Jina Alilolingoja Mzee Karanja

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za usichana wangu, mwanangu, ni ile ambayo baba yangu aliwatuma vijana wapande juu ya chumba cha watu na kung'oa mabati huku mvua ikinyesha. Vuta kiti, chai bado iko motoni. Nimesikia umeapa hutakanyaga tena kwa baba yako. Sitakukemea. Nisikilize tu, kisha uende na lako.

Baba yangu, Mzee Karanja, alikuwa bwana wa upande wetu huu wa Kawangware. Ardhi aliirithi kwa babu, wakati hapa palikuwa mahindi na kahawa tu. Akajenga vyumba vya mabati, safu kwa safu, vikajaa watu kutoka Magharibi ya Kenya: mafundi, vibarua, wauza mboga. Alipopita na fimbo yake, wanaume waliokaa mlangoni waliinuka. Binti zake hakuwaoza ila kwa wenye ardhi. Dada yangu alipelekwa Dagoretti. Mimi niliahidiwa kijana wa Uthiru, kwa sababu ukoo wao ulikuwa na kesi ya mpaka na wetu, na harusi yangu ndiyo iliyoimaliza. Sikuulizwa. Nimeishi na mume wangu kwa heshima, siwezi kulalamika, lakini kuna jioni nyingi nililia nikimenya viazi.

Mama yetu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na baba alikuwa na mke wa pili, mama mdogo kwetu, na wana wengine. Lakini mrithi alikuwa Kamau, ndugu yangu wa tumbo moja. Wajua desturi yetu sisi Wakikuyu: mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, ili mzee huyo arudi duniani. Kamau alibeba jina la babu, kwa hiyo mzee alimwita mwanawe "Baba." "Baba, umekula?" "Baba, njoo tukague vyumba." Ungewasikia ungecheka. Sijaona mwanamume akimpenda mtoto namna ile.

Kisha Kamau akampenda Nekesa. Alikuwa binti wa Barasa, fundi wa mawe, Mbukusu mpole kutoka huko Magharibi, aliyepanga chumba kwetu. Kamau hakujificha. Alimwendea mzee mchana na kumwambia anataka kuoa.

"Mpangaji?" baba akauliza. "Nimekulea nikakupa jina la baba yangu, ndio uniletee mpangaji?"

"Ni mtu, mzee. Na ana mimba yangu."

Baba alitoka nje, akawaita vijana wa kazi, ndipo mabati yakang'olewa. Mama yake Nekesa alikuwa amelala ndani na homa. Barasa alimfunika mkewe kwa koti lake, akasimama katikati ya chumba kisicho na paa, maji yakimtiririka usoni.

Tata Njoki, dada mkubwa wa baba, alitoka jikoni akitembelea mkongojo. Akasema mbele ya wapangaji wote, "Karanja, hasira ni hasara. Leo unafukuza mpangaji, lakini mjukuu wako yuko ndani ya huyo msichana. Nani ataitwa jina lako utakapokuwa umelala udongoni?"

"Ingia ndani, dada," baba akamwambia. Hakuwahi kumjibu hivyo maishani.

Kamau alibeba godoro la akina Barasa kichwani, akaondoka nao. Walipata chumba Lindi, kule Kibera. Kijana aliyezaliwa juu ya ardhi akawa mpangaji, akajifunza kuchonga mawe kwa mkwewe. Nyumbani, jina lake halikutajwa tena. Wana wa mama mdogo walianza kutembea na funguo za vyumba, nao baba akakonda bila ugonjwa.

Halafu ugonjwa ukaja. Kiharusi kilimpiga upande mmoja, maneno yakawa yanatoka vipande vipande. Nilikuwa nimekuja kumuuguza aliponishika mkono. "Mtoto," akasema. "Wa Baba. Ni kijana?"

"Nasikia ni kijana."

Machozi yakamtoka kwenye jicho moja. "Basi ni mimi. Nenda... niletee Karanja."

Nilikwenda Lindi, nikiuliza njia kila kioski. Nilimkuta Kamau amekaa kwenye ndoo, mikono imechubuka, mtoto amelala kifuani mwake.

"Umetumwa?" akaniuliza.

"Mzee anaisha, Kamau. Anataka kumwona Karanja."

Akamtazama mtoto. "Hapa hakuna Karanja. Huyu ni Barasa. Aliyemfunika mama yake Nekesa ndiye anarudi duniani, si yule aliyeng'oa mabati."

Nekesa, aliyekuwa akifua mlangoni, alisema polepole, "Baba watoto, enda tu. Ni mzazi."

"Nitaenda," Kamau akasema. "Lakini si leo."

Waswahili husema majuto ni mjukuu. Kwetu yalikuja na jina. Nilirudi, nikamkuta baba ameketishwa kwenye mito, amevaa koti lake la kanisani. Aliangalia mlango nyuma yangu. Sikuwa na mtu. Akaniuliza, "Anaitwa nani?" Nilitamani kudanganya. Tata Njoki alikuwa ameketi pale akinitazama, na mbele yake ulimi wa uongo haukunijia. Nikasema, "Barasa."

Baba alifunga macho. Hakunena tena na mtu yeyote, hata tulipomlisha. Alikufa kabla Kamau hajafika. Siku ya mazishi, ndugu yangu alisimama nyuma kabisa, pamoja na wapangaji, na hakuna aliyemwita mbele. Wana wa mama mdogo waliuza ploti moja baada ya nyingine. Kamau na Nekesa walijaliwa watoto wengine, wote mabinti, kwa hiyo jina la Karanja halikurudi. Juzi Kamau, mvi zimemjaa, akaniambia, "Wairimu, nilitaka aumie kidogo tu. Sikujua alikuwa amebaki na kidogo."

Basi, mwanangu, sikwambii baba yako hana kosa. Baba yangu alikosa, tena kosa kubwa. Nakwambia hivi: usimwadhibu mzazi kwa kitu ambacho huwezi kumrudishia. Ukiwa na hasira, mwambie usoni, piga kelele, toka nje, rudi. Usiseme "si leo," kwa maana leo ndiyo tuliyopewa. Na ukiwa na watoto, usiwapime kwa ardhi wala kwa kabila la wanayempenda.

Mungu akupe moyo mwepesi na miguu isiyochelewa. Wanao wasipungukiwe na wa kuwaita. Sasa kunywa chai, kisha uende ukamwone mzee wako kabla jua halijatua.