Sukari na Limau kwa Ajili ya Mizinga ya Baba

Enzi zetu pale Magamba, miaka ya tisini, walisema sitapanda mti wenye mzinga na sitapata mume, vyote kwa sababu ya mikono yangu. Mume nimepata, ni mpole. Leo nasimulia la mti, maana ndilo lililonifikisha kwenye stashahada ya ufugaji nyuki. Imetundikwa sebuleni kwangu hapa Mpanda, kwenye fremu ya mninga, na wageni huiona kabla hawajaona kiti.

Nilikuwa na vinyweleo. Sisemi vichache. Baba mdogo alitangaza mbele ya watu, "Huyu ana manyoya kuliko mbuzi wangu. Akisogea mzingani nyuki watahamia kwake."

Alikuwa na sababu zake. Baba alikuwa ameanguka mtini akavunjika nyonga, na sisi hatukuwa na kijana nyumbani. Baba mdogo alijitolea kupanda, ila anayepanda huchukua nusu ya asali. Mimi nilikuwa nimechaguliwa kwenda sekondari, na ada yangu ilikuwa asali yote, si nusu.

Baba hakukataa nipande. Alisema tu, "Mama, nyuki akinasa kwenye vinyweleo hawezi kutoka. Asiyeweza kutoka anauma. Akiuma mmoja, wengine wanafuata harufu. Safisha mikono, utapanda." Yeye miaka mingi ya kushika mwenge wa kufukizia nyuki ilikuwa imemuunguza vinyweleo vyote. Mikono yake ilikuwa laini kama kiazi kilichomenywa.

Bibi akanikalisha jikoni. Enzi zile ulichota majivu ya kuni yaliyopoa, ukayachekecha, ukajipaka ili vidole visiteleze, kisha ukang'oa kimoja kimoja. Kwapa moja lilichukua kipindi kizima cha salamu za redio, na watu wa wakati ule walikuwa wanasalimiana sana. Bibi aling'oa bila kunitazama usoni. "Lia," alisema, "nizing'oe na hizo nyusi."

Siku mbili zikaisha tukiwa tumemaliza makwapa tu. Mavuno yalikuwa Jumamosi.

Aliyeniokoa ni Mama Zuwena, mke wa mwenye duka. Kwao bi harusi aliandaliwa kwa sukari. Alichemsha vikombe viwili vya sukari, malimau mawili na maji kidogo, akakoroga mpaka ikawa na rangi ya chai ya rangi na ikavutika. Ilipopoa kiasi cha kuguswa, aliitandaza mkononi kufuata vinyweleo vinakolala, akabandika kitambaa cha marekani, akavuta kwa kurudi vilikotoka. Nilimwambia inauma.

"Na nyuki je, mwanangu, wanabembeleza?" Akavuta tena.

Ijumaa jioni mikono yangu iling'aa mpaka begani. Mama Zuwena aliniambia nisiguse sabuni mpaka Jumapili, ngozi ipumzike. Nilitii. Nilikuwa mtoto mwenye adabu.

Jumamosi alasiri nilipanda kwa kamba, nimevaa kaptula ya baba. Baba alikaa chini na fimbo yake. Baba mdogo alikuja na ndoo zake mbili, kwa uhakika kwamba nitashuka mapema. Nilipofukiza moshi na kufungua mzinga, nyuki walitoka, wakaupita uso wangu na moshi wote, wakatua mikononi. Muda si mrefu sikuiona tena ngozi.

"Umejipaka nini?" baba aliuliza.

"Sukari na limau."

Baba mwenyewe alikuwa akisugua mchaichai kwenye mizinga mitupu ili kuita nyuki, na harufu yake haina tofauti kubwa na limau. "Mama," alisema, "umejipaka chambo."

"Ashuke," baba mdogo akasema. "Mtoto atakufa huko juu."

"Usipukute," baba akaniambia, kama hakumsikia. "Wanalamba tu. Hawana pa kunasa."

Sikupukuta. Nilitoa masega taratibu kwa mikono iliyovaa nyuki, mzinga wa kwanza, kisha wa pili. Niliumwa sikioni mara moja, na gotini mara tatu, ambako hatukung'oa. Baba mdogo alirudi kwake na ndoo zake tupu. Januari nikaingia kidato cha kwanza.

Siku hizi vijana wananunua krimu, wanapaka dakika tano na kulalamika kwamba inanuka. Wananyoa kwa ajili ya picha. Wanafunzi wangu wa ufugaji nao wanavaa ovaroli nyeupe, wavu usoni na glavu mpaka kwenye kiwiko. Ni salama, na asiyevaa namrudisha nyumbani. Lakini baba hayupo tena wa kukaa chini ya mti na kuniambia nisipukute. Vinyweleo vyangu vimerudi vyote, na sina tena sababu ya kuving'oa.