Harusi Iliyopanga Foleni

Hadi leo, kifuniko cha sufuria kikianguka jikoni, mate hunijaa mdomoni hata kama nimetoka kula sasa hivi. Nanyi pengine mko hivyo, kama mlikulia mtaa wa Kamenu kama mimi. Kwenye harusi zetu, mpishi akishagonga kifuniko, hakuna tangazo lingine: chakula kimeiva, shika sahani.

Tata Nyokabi, dada mdogo wa mama, alisahau jambo hilo, na bado namcheka. Alikuwa akitunga muziki wa vyombo vya nyumbani: sufuria, mitungi ya maji, vipande vya mabati. Guka, baba yake, alikuwa amemtafutia kazi ya ofisi katika kiwanda kimoja cha Thika. Tata akamwomba amsikilize mara moja tu kabla ya kumpeleka huko, na siku yenyewe ikawa harusi ya mjomba, kule Mugutha. Nilimwona akipanga vyombo vyake mbele ya hema.

Pilau ilikuwa ingali mekoni, lakini ilinukia hadi barabarani. Tata akagonga kifuniko cha kwanza, polepole, akangoja mlio ufifie. Hema lote likasimama.

"Haiya, kumbe chakula iko tayari," mama mmoja wa kanisa akasema, akimvuta mumewe. "Twende mbele, nyama itaisha."

Foleni ikafika hadi kwenye geti, wapishi wakifoka kwamba mchele haujaiva. Nilimwonea Tata huruma, nikakaribia kulia. Lakini hakuacha. Alisikiliza sahani zikigongana, viatu vikikwaruza kokoto, watoto wakinung'unika, akavijibu vyote kwa sufuria zake, hadi uso wake ukalegea, akaanza kucheka peke yake. Ulikuwa muziki mtamu, nami niliusikia nikiwa kwenye foleni, sahani mkononi.

Guka tu ndiye aliyebaki kitini, kofia magotini. Nikadhani amekasirika, nikaenda kumwita tukapange foleni.

"Kaa," akaniambia. "Tata yako hajamaliza."

Nikakaa nikinuna, maana nafasi yangu ilichukuliwa papo hapo. Jumatatu ilipofika, Guka hakutaja kiwanda tena.

Siku hizi Tata hualikwa miji ya mbali, na watu hukaa kimya kumsikiliza. Guka alifariki bila kuupenda muziki ule hata kidogo, wala hakuficha. Nilipopata binti yangu mwenyewe ndipo nilipoelewa alichokuwa akikitazama siku ile, licha ya njaa yake yote: uso wa mtoto wake akicheka.