Stika ya Mwisho Juu ya Basi la Zuhura

Enzi zetu pale Somanga, basi la kuchezea halikuhesabiwa kuwa basi mpaka libanduliwe stika zake zote. Sijui nani aliipitisha sheria hiyo. Tuliikuta, tukaifuata, na aliyeivunja alichekwa mpaka akarudi kwao. Barabara kuu ya Dar na Lindi ilipita mbele ya nyumba zetu, kwa hiyo mabasi ya kweli tuliyajua kwa honi kabla hatujayaona, na kila mtoto alikuwa na lake la kuburuta kwa kamba. Mengi yalikuwa madumu ya mafuta ya kula yaliyolazwa ubavu, matairi ya ndala zilizokatwa, taa za visoda. Sasa mtu akikuletea basi ambalo ubavuni lina picha ya kuku wa kukaanga, hilo si basi, ni dumu linalotembea. Tulikuwa wakali sana katika jambo hilo.

Kubandua karatasi haikuwa shida. Shida ilikuwa gundi. Karatasi ikishatoka kinabaki kile kitu cha kunata, na vumbi la Somanga halisubiri kukaribishwa. Asubuhi unaliacha basi lako kibarazani, mchana unalikuta na mchanga, nywele, unyoya wa kuku na sisimizi anayejuta kupita njia ile.

Kila nyumba ilikuwa na dawa yake. Wapo waliokwangua kwa wembe, wakatoa gundi na plastiki kwa pamoja. Wapo waliomwagia maji yanayochemka, basi likajikunja likawa na kibyongo, na mwenyewe akadai limepata ajali Mbwemkuru. Athumani, mtoto wa jirani ambaye baba yake alikuwa na boti ya injini, alitumia petroli. Kusema haki, gundi ilitoka. Ilitoka na rangi, kisha plastiki ikawa nyeupe kama tui, ikalainika, na Athumani alipolishika basi kulikagua, dole gumba lake likazama kwenye paa. Alama haikutoka tena. Akatuambia ni tundu la hewa. Mama yake alimchapa, na si kwa ajili ya basi, bali kwa sababu kazi yote ile aliifanyia jikoni, kando ya moto.

Dada yangu Zuhura, aliyenitangulia kuzaliwa, yeye hakuwa na dumu. Baba alimletea kutoka Dar basi la plastiki la dukani, la bluu, lenye madirisha. Matairi yalikatika siku za mwanzo tu, likabaki bodi, naye akalifungia ya ndala kama sisi wengine. Ila aliyeliuza alikuwa amelijaza stika kila mahali, mbavu zote mbili, nyuma, juu ya paa, hata pale ambapo dereva alipaswa kuonea njia. Kwa sheria zetu, Zuhura alikuwa na basi zuri kuliko yote na haruhusiwi kulitoa nje.

Mwaka huo, kabla ya mfungo, alikuja shangazi Tatu kutoka Songo Mnara. Ni dada wa baba, aliolewa kule kisiwani, na Mungu hakumjalia mtoto. Kwetu jambo hilo lina taratibu zake. Kaka humpa dada yake mtoto wa kulea, halizungumzwi sana wala halikataliwi. Shangazi hakuomba kwa maneno mengi. Alikunywa chai, akasema nyumbani kwake kuna chumba hakilali mtu. Baba akaelewa. Mama aliinuka akaenda jikoni, akakaa huko muda mrefu kuliko chai ilivyohitaji.

Ikaamuliwa Zuhura aende baada ya Idi. Hakulia. Aliomba kitu kimoja tu, amalize kwanza kulisafisha basi lake.

"Amalize, mwanangu huyu," shangazi akasema. "Mimi nitakuja Idi ikipita."

Tangu siku hiyo dada yangu akawa mtu mwangalifu kuliko wote katika pwani ya Lindi. Akitoka madrasa jioni alitandika mkeka uani, akaweka basi, kopo la maji ya uvuguvugu, kipande cha kanga kuukuu na mafuta ya nazi kwenye kifuniko. Kwanza alidondosha tone la mafuta chini ya bodi, mahali pasipoonekana, akasubiri mpaka kesho yake aone kama rangi itatoka. Rangi haikutoka. Akapima tena mahali pengine, kwa sababu, alisema, rangi zinatofautiana. Lilikuwa basi la rangi moja.

Stika nazo hakuzivuta. Alizifunika kwa kitambaa kilicholowa maji ya kuvumilika na kiganja, akakiacha mpaka karatasi ilegee, kisha akainua kona kwa ukucha na kuirudisha nyuma taratibu, imelala karibu na plastiki, ili isikatike. Kisu hakikukaribia. Gundi iliyobaki aliipaka mafuta kidogo, akaiacha inywe, halafu akaisugua kwa ncha ya kidole mpaka ikajiviringa vipande vyeusi vidogo vidogo, akavifuta. Mwisho sabuni na maji, na kuanika kivulini, kwa maana jua la kwetu hukunja plastiki. Nasema yote haya kwa sababu mpaka leo sijaona njia iliyo bora zaidi, wala iliyo ndefu zaidi.

Mafuta yale yalikuwa fungu lake la nywele za Idi. Mama alipoona basi linang'aa na kichwa cha binti yake kimekauka, akashika kiuno.

"Wewe mtoto, umepaka basi hukupaka kichwa!"

"Kichwa nitafunika, mama," Zuhura akajibu, akaendelea kusugua.

Athumani alimhurumia. Alikuja jioni moja na petroli kwenye chupa ya dawa ya kikohozi.

"Dada Zuhura, kidogo tu hii. Leo leo unamaliza."

Zuhura alimtazama kama mtu aliyetumwa kumwua. "Toka na petroli yako hapa."

Athumani akadhani anaogopea rangi. Hata mimi nilidhani hivyo. Tulikaa pale kwenye mkeka tukimshauri namna ya kwenda haraka, naye alitujibu kwa upole kwamba haraka itaharibu bodi, akachukua kitambaa na kukilowesha upya.

Idi ikafika. Kwetu watoto walipanga mabasi yao mstari mmoja, wakayavuta kutoka msikitini mpaka kwenye vibanda vya wauza samaki wa kukaanga, watu wazima wakisimama kupisha kama mabasi yenyewe. Zuhura alilivuta lake, limetakata, limeandikwa jina ubavuni kwa kalamu ya wino. Juu ya paa ilibaki stika moja, duara, kubwa kama sahani ya chai. Sheria ilisema achekwe. Hakuna aliyecheka. Somanga si mji mkubwa, na habari za mtoto kuhama zilikuwa zimeshafika kila kibaraza.

Siku chache baadaye shangazi Tatu akashuka kwenye basi la kweli akiwa na mfuko. Ndani mlikuwa na gauni jipya la kijani na kandambili alizokisia mguu kwa macho tu. Tukamkimbilia.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba, wanangu. Zuhura, hebu nilione hilo basi lako."

Akaketi uani mkekani, bado hajavua hata baibui. Akaligeuza basi, akapitisha kidole mbavuni, akanusa mafuta ya nazi, akasema mashaallah, mtoto ana mkono. Nilifurahi kwa niaba ya dada yangu. Kisha kidole kikafika kwenye paa.

"Na hii?"

"Bado, shangazi," Zuhura akasema, sauti yake imeshuka. "Hiyo ni ngumu."

Haikuwa ngumu. Joto lilikuwa limeshaifanya kazi yote, na kona nzima ilikuwa imeinuka yenyewe, inapepea. Mama aliiona. Mimi niliiona. Mtoto wa kutambaa angeweza kuivuta ikatoka yote. Shangazi aliitazama ile kona, akamtazama Zuhura aliyekuwa anatazama chini, akaitazama tena. Halafu akaikandamiza kwa dole gumba na kuishikilia hapo muda mrefu mpaka ikanata.

"Kweli ngumu," akasema. "Usiiharakishe hii, utaharibu plastiki."

Akamgeukia mama. "Wifi, kazi ya mtoto haijaisha. Mimi nitasubiri."

Alikula chakula cha mchana kwetu, akasifia mchuzi, akapanda basi la kurudi Kilwa akavuke kisiwani kwake peke yake. Gauni aliliacha. Mama alimsindikiza barabarani, wakasimama wameshikana mikono mpaka basi likatokea, na sikumbuki kumwona mama akimshika wifi yake vile kabla ya hapo.

Zuhura hakuigusa tena stika ile. Shangazi alikuja mara nyingi baadaye, akatuletea pweza mkavu, akatusuka, akatutukana tulipostahili, na basi hakuliulizia. Baba alijaribu kulirudia jambo lile, akaanza, "Sasa dada, yule mtoto..." Shangazi akamkata: "Kaka, mwache mtu na kazi yake." Alizeeka katika nyumba yenye chumba kisicholala mtu, na humo ndimo alimofia. Nilimpenda sana shangazi yangu. Utotoni nilimpenda kwa pweza. Sababu nyingine nimekuja kuielewa nikiwa na watoto wangu.

Siku hizi ipo dawa ya kupuliza. Mwanangu alinunuliwa gari la plastiki, akapuliza, akafuta, stika na gundi vikatoka kabla chai yangu haijapoa, akarudi kwenye simu yake. Nilipomweleza habari za maji ya uvuguvugu na tone la kupima, aliniuliza kwa heshima zote kama enzi zetu hatukuwa na kazi za kufanya. Nikamwambia hatukuwa nazo. Akanionea huruma, akaniwekea sukari kwenye chai ambayo tayari ilikuwa na sukari.

Simlaumu. Kizazi chao kinajua kumaliza mambo, nasi tumejifunza kwao, tena upesi. Nikiona jambo la mtoto limebaki kidogo liishe, mkono wangu unatangulia kabla sijamtazama usoni. Nawaza ningekuwa mimi niliyeketi uani siku ile, na haki yangu kwa mtoto wa kaka, na gauni jipya kwenye mfuko, na ile kona ya stika imeshainuka yenyewe. Naogopa ningeivuta.