Mayai ya Mdogo Wangu

Nina kovu kwenye mkono wa kushoto, juu kidogo ya kifundo, ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Watu wakiniuliza, mimi husema niliungua jikoni, na huo si uongo. Nisichosema ni kwamba nilichomwa na mwiko wa ugali uliokuwa mkononi mwa mama yangu mzazi, na kwamba kosa langu lilikuwa mayai. Nilikuwa na miaka kumi na moja, na nilikuwa mwizi.

Tuliishi Eastlands, Nairobi, kwenye mtaa wa nyumba za baraza la jiji, chumba kimoja na jiko dogo, na bomba la maji tukilitumia pamoja na nyumba tatu nyingine. Baba alikuwa seremala soko la Gikomba. Alijisifu kwamba vitanda vyake havilii, na ukimpa nafasi angekueleza sababu mpaka chai yako ipoe. Mama alikuwa akipakia biskuti kwenye kiwanda kimoja cha Industrial Area. Watoto tulikuwa wawili, mimi na mdogo wangu wa kike, niliyemtangulia kwa miaka miwili.

Ili uelewe habari ya mayai, lazima kwanza umwelewe mama. Alizaliwa magharibi, kwenye boma ambalo wanawake na wasichana hawakuonja kuku wala yai. Waliwafuga hao kuku, wakawalisha, wakawanyonyoa, wakawapika, wakawapelekea wanaume sahani, kisha wakarudi jikoni kula mboga. Alipokuwa na miaka tisa alilamba mchuzi uliomdondokea kidoleni, shangazi yake akamwona, na jambo hilo likajadiliwa boma zima kana kwamba amechoma ghala. "Siku ile niliapa," alikuwa akituambia. "Nikipata nyumba yangu, binti zangu watakula mayai mpaka wachoke." Kwake yai lilikuwa haki aliyonyimwa, na hakutaka mtu amweleze vingine.

Mdogo wangu hakuanza maisha mikononi mwa mama. Kiwanda hakikumsubiri mtu anyonyeshe, kwa hivyo alipelekwa kwa nyanya huko magharibi akiwa mchanga, akarudi Nairobi akiwa na miaka saba. Alishuka kwenye basi mrefu kunizidi. Vidole vyake vilikuwa virefu na vyembamba, magoti yakigusana akitembea, na nywele zake zilikuwa haba, za rangi ya kahawia. Watoto wa mtaani walimbandika jina la Mlingoti siku hiyohiyo. Niliwapiga wawili, wa tatu alinishinda.

Mama alitazama zile nywele na ile miguu akatoa hukumu yake papo hapo: mtoto huyu alinyimwa. Alimpeleka kliniki, na muuguzi akamwonyesha picha ukutani, ya mtoto mwembamba mwenye nywele za kahawia, mtoto aliyekosa protini. Mpe yai kila siku, alisema, na maziwa, na nyama ukiipata. Sina kinyongo na muuguzi yule. Kwa watoto wengi waliokuwa kwenye foleni siku ile alikuwa amesema kweli tupu. Mama alirudi nyumbani anang'aa, maana sasa hata serikali ilikuwa upande wake.

Mayai yenyewe yalitoka nyumba ya pili. Jirani yetu, mama mmoja wa kutoka Nyeri, alifuga kuku kwenye kibanda cha waya nyuma ya nyumba, jambo ambalo baraza la jiji lililikataza. Askari wa baraza wakionekana, kuku walihamia chini ya kitanda chake. Sote tulimwita Mama Kuku na aliitika vizuri tu. Kila asubuhi alikuja mlangoni na yai moja kwenye kiganja, bado lina joto. "La yule mrefu," alikuwa akisema. "Huyu akipigwa na upepo ataanguka."

Mama alilichemsha, akalifunga kwenye kitambaa pamoja na chumvi kidogo, akanikabidhi mimi. Kazi yangu ilikuwa kuhakikisha mdogo wangu analila shuleni saa ya mapumziko. Mimi nilikuwa na mandazi moja. Nilikuwa mtoto mwenye afya, mwenye hamu, na mwenye kisirani, na kila siku nilibeba mkononi yai la mtu mwingine. Wewe ungefanya nini?

Tena yeye mwenyewe hakulitaka. Aligeuza uso kila mara akiliona. "Linanuka," alisema. "Nikila tumbo linanigeuka." Basi tukabadilishana, yeye mandazi yangu, mimi yai lake. Tulifanya hivyo muhula mzima.

"Mathe akijua tumeisha," aliniambia siku ya kwanza.

"Nani atamwambia?" nilimjibu, mdomo umejaa.

Nilijisaliti mwenyewe. Mama alipokuwa akifua sweta yangu ya shule alikuta maganda mfukoni. Alikuwa ameacha kufua kidogo akoroge ugali, akaniita jikoni na maganda yale mkono mmoja, mwiko mkono wa pili.

"Umekula chakula cha mgonjwa?"

"Hataki, mama. Yeye ndiye amenipa."

"Sijakuuliza kama anataka. Umekula?"

Nikasema ndiyo. Nadhani alisahau kwamba mwiko umetoka kwenye sufuria na ugali wa moto umeganda juu yake. Alinipiga mara moja tu. Baadaye alinipaka mafuta ya kupikia, wala hakusema pole, na mimi kwa ukaidi sikulia. Alichosema ndicho kilichoniuma kuliko ngozi. Alisema anayemwibia mtoto mgonjwa ni mchawi mdogo, na kwamba hakujua amezaa mtoto wa namna hiyo.

Tangu asubuhi iliyofuata mdogo wangu alikula mayai mawili mbele ya macho ya mama, na kikombe cha maziwa, na Jumamosi maini. Alikula akiwa ameziba pua, huku akinitazama kama mimi ndiye niliyepanga mambo hayo.

Macho ya mdogo wangu yalianza kuharibika polepole. Alipokuwa akiandika, pua ilikuwa karibu iguse daftari. Mwalimu alimleta mbele, halafu akamwita mvivu. Nyumbani alimimina chai kando ya kikombe, na mama akamkaripia, kisha akajuta kumkaripia. Mimi niliona kitu kingine. Siku moja tulikuwa tunaanika nguo, jua likimpiga usoni, naye aligeuza kichwa kwa haraka. Ile sehemu nyeusi ya jicho lake ikatetemeka, kama maji ya karai lililoguswa na mguu. Nilimwambia mama. Alisema ni ukosefu wa nguvu, akaongeza maziwa.

Nilipokuwa na miaka kumi na mitatu, mdogo wangu aliamka asubuhi moja akipiga kelele, jicho la kulia jekundu kama nyanya, na hakuona nalo chochote. Baba aliacha kitanda cha watu nusu, mama akaacha zamu, tukaenda wote hospitali kubwa. Nilimshika mkono njia nzima. Vidole vyake virefu vilinizunguka mkono vikakutana upande wa pili.

Daktari wa macho alikuwa mwanamke mwenye sauti ya chini. Alilitazama jicho kwa muda mrefu, akatuliza maumivu yake, kisha akaacha jicho akaanza kutazama mambo mengine: vidole, magoti, nywele, urefu wa mikono. Akaomba mkojo. Aliudondoshea dawa kwenye kichupa mbele yetu, na mkojo ukageuka rangi ya zambarau iliyokolea. Hakutueleza siku hiyo. Alisema atafanya uchunguzi zaidi, turudi.

Tuliporudi aliwakalisha wazazi wangu, na mimi nikasimama nyuma yao.

"Kwenye mayai, nyama, samaki na maziwa kuna kitu kinaitwa methionini," alisema. "Kila mtu anakihitaji. Mwili ukishakitumia hukigeuza hatua kwa hatua, na kila hatua ina mfanyakazi wake. Tunamwita kimeng'enya. Kwa mtoto wenu, mfanyakazi wa hatua moja amezaliwa dhaifu. Kazi inakwama kwake. Kinachorundikana pale kinaitwa homosisteini, na kikizidi kwenye damu kinaharibu. Kimelegeza nyuzi zinazoshika lenzi ya jicho, ndiyo maana lenzi imetoka mahali pake. Kimemrefusha mifupa. Na kinaweza kugandisha damu mguuni au kichwani. Hilo ndilo ninaloliogopa, kwa sababu hilo linaua."

Baba alikuna kidevu. "Ni kama kwetu kazini," alisema. "Msumeno unakata, randa inalainisha, mimi naunga. Randa ikiwa butu, mbao zinajaa hadi mlangoni, mtu hapiti."

"Ndivyo hasa, mzee."

"Lakini randa hunolewa."

"Kwa watoto wengine, vitamini B6 humtia nguvu huyo mfanyakazi. Kwa wengine haisaidii kitu. Tutampa vidonge, na baada ya wiki chache tutajua. Wakati huo tupunguze mbao zinazoingia."

Mama alisogea mbele kitini. "Mayai?" aliuliza.

"Mayai hasa, mama. Nyama na maziwa pia. Nitakuandikia atakachokula."

"Nilimpa mawili kila siku," mama alisema. "Kwa mkono wangu mwenyewe."

Daktari aliweka kalamu chini. "Kwa nywele zile na miguu ile, hata mimi ningempa," alisema. Mama akauliza kuhusu ile miaka ya kwa nyanya, ambako mtoto hakuonja yai hata moja. Daktari alijibu kwa uangalifu kwamba huenda ilimsaidia, wala hakuna awezaye kujua kwa hakika. Nilimwona mama akiinamisha kichwa. Desturi aliyoichukia maisha yake yote huenda ilikuwa imemlinda mtoto wake bila kujua, na upendo wake ndio uliokuwa ukimdhuru.

Vidonge vilikuwa vidogo, na kwa bahati nzuri vilipatikana, kwa sababu wagonjwa wa TB walipewa hivyohivyo pamoja na dawa zao ili miguu isife ganzi. Tulivichukua kwenye dirisha lao. Mtu mmoja wa mtaani akatuona kwenye foleni, na kabla ya wiki kuisha mtaa mzima ulishajua kwamba Mlingoti ana TB. Bombani watu walitusogelea kwa hesabu. Mama Kuku peke yake hakujali. Alikuja mlangoni kama kawaida, kiganja wazi.

"Asante, lakini hapana," mama alimwambia.

"Hapana kwa nini? Kwani mayai yangu siku hizi yana sumu?"

Mama alikuwa amechoka, na hakuwa amelala siku tatu. "Kwa huyu, ndiyo," alisema.

Mtaani kwetu hukatai chakula cha jirani. Kukataa ni kumwambia mtu kwamba unamshuku ana mkono mbaya. Mama Kuku alifunga kiganja chake, akageuka, na kwa wiki tatu hakutupa hata salamu. Mama alilia kwa hilo pia. Alikuwa akilia kwa urahisi siku hizo, akiosha vyombo, akifunga viatu. Kila jioni aligusa miguu ya mdogo wangu akitafuta uvimbe.

Siku ya kurudi kupimwa tulikwenda wote. Daktari alidondosha dawa kwenye kichupa. Tulingoja ile zambarau. Ikaja rangi ya waridi, hafifu, ukiinamia ndipo uione. Akatabasamu. "Anaitikia," alisema. Jicho la kulia lingehitaji upasuaji, na miwani mizito ingekuwa ya maisha, ila damu yake ilikuwa inatulia. Baba alitoka akawatangazia watu wote waliokaa kwenye mabenchi, wasiojua hata anazungumzia nini, kwamba randa imenoleka.

Ni baba pia aliyekwenda kumweleza Mama Kuku, na nina hakika alieleza habari za mbao tangu msituni. Jumapili iliyofuata jirani yetu alisimama mlangoni na sufuria ya nduma na viazi vitamu. "Hivi navyo vina sumu?" aliuliza. Mama akacheka, kisha wakakumbatiana pale mlangoni mpaka nikaona aibu. Juu ya nduma kulikuwa na yai moja. "Hilo ni la huyu mwingine," alisema, akanionyesha mimi kwa kidevu. "Naye ni mtoto."

Alipoondoka mama alilichemsha. Mdogo wangu alikuwa ameketi nje na miwani yake mipya, akisoma kwa sauti kila kilichoandikwa mbali, kibao cha duka, mkokoteni, mfuko wa simenti, akishangaa kwamba vitu hivyo vilikuwa vimeandikwa siku zote. Mama alinimenyea yai mwenyewe, akalinyunyizia chumvi, akaniwekea mkononi. Hapo ndipo alipoliona kovu. Aliushika mkono wangu asiuachie.

"Muhula ule," alisema, "ulikula mangapi?"

Nilifikiri ananipima kama nitadanganya. "Yote, mama. Kila siku."

Aliweka kidole gumba juu ya kovu. "Ungeendelea tu, mwanangu," alisema. "Laiti ungeendelea kuiba mpaka leo."

Sikuwa nimewahi kumwona hivyo. Nikasema lile lililokuja kwanza.

"Pole, mama," nilimwambia. "Ni mimi niliyesahau kutupa maganda."