Chuo Kilichonikubali kwa Dakika Kumi

Miaka ile soko huria lilipofunguliwa nchini, Arusha kila mwenye kiwanja na ndoo mbili za rangi ya njano alianzisha shule ya kufundisha kwa Kiingereza. Mimi nilikuwa nafundisha Kiingereza katika sekondari ya serikali kwa mwaka wa kumi na nne, na sikuwa na ugomvi na mtu. Kisha chuo kimoja cha ualimu kikatangaza nafasi ya mkufunzi. Mkuu wetu wa shule aliniita ofisini akanisomea tangazo lile kwa sauti, mstari kwa mstari, kama mchungaji anayesoma ndoa za kutangazwa.

"Madam, kazi hii ni gauni lililoshonwa kwa vipimo vyako," akasema. "Kimepungua kifungo kimoja tu. Wanataka shahada ya uzamili."

Kwenda kukaa Dar es Salaam miaka miwili nisingeweza. Nilikuwa na watoto watatu nyumbani Kimandolu, na mume mwenye duka la spea za magari Ngarenaro, mtu ambaye ukimwacha peke yake wiki moja atawalisha watoto mkate na soda mpaka wasahau jina la mboga. Lakini nilikuwa nimesikia kwamba sasa watu wanasoma vyuo vya nje kwa kompyuta, bila kuondoka kwao. Siku moja baada ya vipindi nikashuka mjini, kwenye kafe ya intaneti iliyokuwa juu ya duka la vitambaa.

Dada aliyehudumu pale alinionyesha pa kuandika nilichokitafuta. Nikaandika kwa Kiingereza kirefu na cha heshima, nikaanza na salamu. Akaniambia mashine haihitaji kusalimiwa. Nikafuta salamu, na roho ikaniuma kidogo.

Chuo cha kwanza kilikuja polepole, kuanzia juu kushuka chini. Lilitangulia anga la buluu, likafuata kuba la jengo, zikafuata nguzo, na kabla miguu ya wanafunzi haijafika, nusu saa yangu ilikuwa imekwisha. Nikalipia nyingine. Ada yao ilikuwa ndogo kuliko nilivyotarajia, na waliuliza maswali manne tu: jina, anwani, kazi, na umefanya kazi hiyo miaka mingapi. Nikajaza. Dakika kumi hazijapita, nafunga mkoba, jibu likaingia. Dada akalisoma kabla yangu.

"Madam, hongera! Wamekuchukua!"

Walisema kwamba kwa kuzingatia uzoefu wangu wa maisha sikuwa na haja ya kusoma chochote. Nikishatuma ada, shahada ingetumwa kwa posta ndani ya wiki mbili, ikiwa na muhuri wa dhahabu. Nililichapisha jibu lile kwa rangi. Kesho yake nikanunua sambusa za walimu wote. Mwalimu wa hesabu, mzee aliyekaribia kustaafu, alisimama akatoa neno la shukrani, akasema mwanamke akiamua, hata kompyuta inampisha.

Jioni nikampa mume wangu barua ile aisome. Yeye Kiingereza chake ni cha maboksi ya spea, lakini aliigeuza mbele na nyuma, akaiinua kwenye taa, akaukwaruza kwa ukucha muhuri wa chuo uliochapishwa chini.

"Mama watoto," akasema, "wamekuuliza nini kuhusu Kiingereza?"

"Hawajauliza."

"Hata kidogo?"

"Wamezingatia uzoefu."

"Mimi mtu akija kutaka kazi ya ufundi, namwambia kwanza fungua hii injini nikuone. Hao wamekupa ufundi bila hata kukuona umeshika spana."

Nilikasirika. Nikachukua barua nikaenda nayo chumbani, nikaisoma vizuri kwa mara ya kwanza. Mpaka hapo nilikuwa nimeitazama tu, kama mtu anavyotazama picha yake ya harusi. Mstari wa kwanza, kitenzi hakikukubaliana na nomino. Mstari wa tatu, neno la chuo kikuu limeandikwa kwa tahajia moja, na mstari wa tano kwa tahajia nyingine. Mkono wangu ukatafuta kalamu nyekundu wenyewe. Nilipofika kwenye sahihi ya makamu mkuu wa chuo, ukurasa ulikuwa unavuja damu. Nikampa alama thelathini na nane, nikaandika chini: "Soma kazi yako kwa sauti kabla ya kukabidhi."

Sikuishia hapo. Nilirudi kwenye kafe nikawaandikia makosa yao yote, moja moja. Walijibu siku hiyohiyo. Walinishukuru kwa umakini wangu, wakasema mtu wa kiwango changu anastahili zaidi, hivyo kwa ada ileile wangenipa na udaktari.

Mume wangu alikuwa anakula mtori nilipomsomea. Ilibidi nimpige mgongoni.

"Giaboksi moja ukipewa na ya pili bure," akasema alipopata pumzi, "ujue hata ile ya kwanza haina meno."

Ada nilikuwa bado sijatuma. Nilibaki na jambo moja gumu, kuwaambia walimu. Niliingia chumba cha walimu wakati wa chai, nikasema yote bila kuketi. Mwalimu wa hesabu akaweka kikombe chini.

"Sambusa zilikuwa za kweli, madam," akasema. "Hatukudai kitu."

Baada ya hapo nilitafuta chuo kama mume wangu anavyonunua spea. Alinifundisha bila majivuno, isipokuwa kidogo. Bei iliyo chini mno ikukimbize. Bei iliyo juu mno isikutishe, muulize muuzaji inalipwaje. Na usimsikilize muuzaji anavyoisifu spea, mtafute mtu aliyekwisha kuifunga kwenye gari lake. Niliiandikia ofisi ya serikali inayohusika na vyeti vya nje, nikiwatajia vyuo vitano. Majibu yalichukua wiki saba, lakini yalikuja: viwili walivitambua, vitatu hawajapata kuvisikia. Katika vile viwili, kimoja kiliruhusu kulipia somo moja moja, ukikwama unapumzika, ukipata unaendelea. Na kulikuwa na sista mmoja, mwalimu wa shule ya wasichana upande wa Usa River, aliyekuwa amekimaliza.

Nilimkuta shambani kwao, buti za mpira miguuni, anakagua kabichi. Nikamwamkia, nikamuuliza kama chuo chake ni kizuri.

"Hilo si swali," akasema. "Niulize nilipokwama nani alinijibu."

"Nani alikujibu, sista?"

"Mwalimu wangu. Kila mara. Na mara nyingi nilitamani asingejibu."

Akanipeleka ndani akanionyesha insha zake za mwaka wa kwanza. Walikuwa wamemchambua kama samaki. Pembeni mwa ukurasa mmoja mtu alikuwa ameandika maswali saba, na swali la saba lilikuwa: "Una hakika?" Sista alikuwa bado ana hasira na swali lile, miaka miwili baadaye. Mimi nilifurahi mno moyoni. Hapa, nikajiambia, kuna watu wanaosoma.

Niliomba. Chuo hiki hakikunijibu kwa dakika kumi. Walikaa mwezi, kisha wakataka vyeti vyangu vyote, barua za watu wawili wanaonifahamu, na uthibitisho kwamba ninajua Kiingereza.

Niliisoma sentensi hiyo mara tatu. Nusu ya makarani wa mji ule walijifunza kwangu kuandika barua ya kuomba kazi! Lakini sheria ilikuwa sheria: anayetoka nchi kama yetu afanye mtihani.

Asubuhi ya mtihani nilivaa suti yangu ya kikao cha wazazi. Ukumbini tulipangiwa meza, na kwenye meza ya jirani alikaa msichana niliyemfundisha mpaka kidato cha nne, aliyekuwa anatafuta nafasi ya kusoma uuguzi nje. Akaruka kusimama.

"Shikamoo madam! Umekuja kutusimamia?"

"Marahaba. Hapana, mwanangu. Nimekuja kufanya."

Aliniangalia kama aliyemkuta daktari wake kwenye foleni ya mganga wa kienyeji. Kisha, kwa adabu niliyomfundisha mwenyewe, akageuza uso asinitie aibu.

Kuandika na kusoma nilivuka kama barabara ya nyumbani. Ikaja kanda ya kusikiliza. Mwanamume mmoja alikuwa anakodi baiskeli, na alizungumza kana kwamba ana kiazi cha moto mdomoni. Nilisikia "baiskeli". Nilisikia "Alhamisi", au labda "kiu", kwa sababu maneno hayo kwa lugha yao yanakaribiana na yeye hakutaka kunisaidia. Jirani yangu alikuwa anaandika bila kuinua kichwa. Sikumwibia. Lakini shingo yangu ilijaribu, nikairudisha.

Majibu yalipotoka nilikuwa nimefaulu. Kwenye kusikiliza, yule msichana alinishinda mbali. Alikuja nyumbani kunishukuru kwa kumfundisha, nami nikamuuliza alifanyaje.

"Sinema tu, madam," akasema. Baba yake alikuwa amemchapa mara ngapi kwa sinema hizo, na mimi nilikuwa nimemuunga mkono baba.

Nikaanza masomo. Kazi ya kwanza ilikuwa kurekodi kipindi changu kimoja, nikisikilize, nihesabu nani amesema kwa muda gani. Nikaazima redio kaseti ya dukani kwa mume wangu, nikaiweka mezani, nikafundisha kwa ufasaha mkubwa. Nyumbani nikasikiliza nikiwa na saa mkononi. Katika dakika arobaini, mimi nilisema thelathini na saba. Wanafunzi walisema "Ndiyo, madam" mara nyingi sana, na mara moja wote kwa pamoja walisema "Hapana, madam", pale nilipouliza kama kuna swali.

Nilijisikia vibaya kwa siku mbili. Siku ya tatu nikaingia darasani, nikaandika ubaoni kwa Kiingereza, "Nielezeni jambo lililotokea nyumbani", nikaketi, nikanyamaza. Wakanitazama. Dakika moja ikapita, ya pili ikapita. Dawati la mbele likanong'onezana.

"Madam," akauliza kiranja kwa wasiwasi, "unaumwa?"

Nikatikisa kichwa. Mwishowe akasimama msichana wa nyuma kabisa, wa kutoka huko juu Meru, ambaye sikumbuki kama nilikuwa nimewahi kusikia sauti yake. Akasimulia kwa Kiingereza kilichovunjika kila kiungo jinsi ng'ombe wao alivyozaa pacha wakati wa ibada ya ubatizo, na baba yake, aliyekuwa msimamizi wa ubatizo, akakimbia kutoka kanisani kwenda kumwona, na mtoto wa watu mikononi. Darasa likalipuka. Mmoja akabisha kwamba ng'ombe hazai pacha, mwingine akasema kwao alizaa, na wote, kwa kujisahau, wakabishana kwa Kiingereza.

Nilihesabu makosa kumi na tisa. Sikusahihisha hata moja. Nilitaka kwanza kujua yule mtoto wa ubatizo alirudishwa kwa nani.